Jumapili ya Tatu ya Matangazo

"Wewe ndiye Raheli?"

Sikuinua kichwa. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya kabichi, na foleni ya madumu ya maziwa ilikuwa imefika nje ya mlango. Kazi yangu hapa Kwai ni kupima maziwa kituoni. Mtu akiongeza kikombe kimoja cha maji kwenye dumu lake, mimi namjua. Wengi hawanipendi kwa sababu hiyo, na mimi sijawahi kuwaomba wanipende.

"Onga maundo kwanza, dada," nikamjibu, maana huku kwetu salamu ya asubuhi hutangulia. "Na foleni inaanzia kule."

"Sijaleta maziwa. Nimekuja kumwona mwanamke anayeolewa na mume wangu."

Foleni nzima ikageuka kututazama. Niliinua kichwa. Alikuwa mwanamke wa rika langu, kajifunga kitenge juu ya sweta, mtoto mgongoni, macho mekundu ya mtu aliyelia siku nyingi.

Nikamkabidhi mwenzangu kipimo, nikamshika yule dada mkono, nikampeleka nyuma kwenye stoo ya madumu.

"Mume wako anaitwa nani?"

"Kornelio Kristian. Na wako je?"

Jina hilo lilikuwa limesomwa kanisani kwetu Jumapili mbili mfululizo, pamoja na langu. Kornelio Kristian wa usharika wa upande wa Sigi, na Raheli Fanueli wa Kwai.

Msioujua utaratibu wetu wa Kilutheri niwaeleze. Huku mtu haolewi kimyakimya. Majina yanatangazwa Jumapili tatu, kanisani kwa mwanamke na kanisani kwa mwanamume, na kila mara mchungaji anauliza kama kuna mwenye pingamizi. Mchungaji wetu alimtumia mwenzake wa Sigi tangazo kwa WhatsApp. Mchumba wangu alidhani mambo yanaishia kwetu Kwai. Ningejiuliza mapema kwa nini Mlutheri mzima na cheti chake cha kipaimara halijui hilo, leo nisingekuwa naandika haya.

"Mimi naitwa Modesta," akasema. "Jumapili nimekaa kanisani na mwanangu, nasikia mume wangu anaoa Lushoto. Kornelio akasimama upande wa wanaume akaapa sio yeye. Kanisa zima likacheka. Nani angemwamini? Mwaka huu kaja huku mara tatu, ati anatafuta mbegu ya viazi."

"Na mchungaji wenu hakujua ana mke?"

"Mgeni, ana mwezi mmoja. Akasema atafuatilia. Mimi sikungoja kufuatiliwa. Jana nimepanda basi Muheza mpaka Mombo, nimepanda huu mlima natapika, nimelala Lushoto mjini bila usingizi. Kwa hiyo usinizungushe, mwenzangu. Yuko wapi?"

"Dada, naapa, mimi aliniambia hana mke. Ana mwaka na nusu hapa. Anakata majani ya ng'ombe wa baba, anakula mezani kwetu."

"Mwaka na nusu? Kwangu hajawahi kuondoka zaidi ya wiki moja!"

"Wanaume hawa."

"Wanaume hawa, dada yangu. Wana miguu ya mbwa."

Tukamtukana pamoja kama dakika tano hivi. Nakiri nilipata nafuu kidogo. Nina miaka thelathini na mbili, kijiji kizima kilishanikatia tamaa, na hatimaye nimepata mtu, kumbe ni wa mwenzangu. Kutukana kulisaidia.

"Nionyeshe picha," akasema. "Nataka nione anavyopendeza akija kwako. Mimi huwa namwona na makoti ya shamba tu."

Nikafungua simu. Picha ile nilikuwa naipenda. Kambeba ndama mchanga mabegani, anacheka. Modesta akaivuta karibu na macho. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakalia dumu.

"Nini?"

"Huyu sio mume wangu."

"Unasemaje?"

"Huyu ni Alen. Alen Yohane. Dada, huyu ni mwizi wetu."

Niwaambie ukweli, yule mama alifurahi. Machozi yalimtoka ya furaha, mume wake amekuwa wake tena. Dakika moja nyuma tulikuwa wawili tuliosalitiwa, sasa nimebaki peke yangu.

"Alikuja kwetu anaumwa malaria," akaendelea, sasa kwa upole. "Mume wangu alimwokota kando ya njia ya msituni. Nimempikia uji kwa mkono huu. Miezi mitatu tumekaa naye kama mdogo wetu. Siku hiyo nimeenda kliniki na mimba yangu, Kornelio yuko shamba la iliki. Tunarudi, pikipiki hakuna, na begi la vyeti vya mume wangu hakuna."

"Cheti cha ubatizo kilikuwemo?"

"Cha ubatizo, cha kipaimara, cha darasa la saba. Vyote. Wiki iliyofuata nikashikwa na uchungu. Pikipiki ndiyo ilikuwa inipeleke hospitali. Huyu unayemwona mgongoni nilimzaa njiani, kwenye majani ya migomba, wanawake wawili wamenizungushia khanga."

Nikamtazama yule mtoto. Alikuwa amelala, kamasi zimemkauka.

Modesta akampigia mumewe akaweka spika. Simu haikuita hata mara mbili.

"Mama Tumaini, siku tatu hupokei simu. Naapa kwa Mungu aliye hai..."

"Nyamaza, baba. Nimekukosea, nitapiga magoti nikifika. Sio wewe. Ni Alen."

Nikasikia anapumua.

"Yuko hai?" ndivyo alivyouliza.

Modesta akanitazama akatikisa kichwa, kama anayesema, unaona niliyeolewa naye.

"Yuko hai na anaoa kwa jina lako. Nimwite polisi? Ile ripoti ya Muheza si bado ipo?"

"Ngoja kwanza. Huyo dada yuko hapo? Nipe niongee naye."

"Shikamoo kaka," nikasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima.

"Marahaba, dada. Pole. Sikia, jina langu limesomwa huko kwenu mara mbili?"

"Mara mbili. Jumapili hii ni ya tatu."

"Basi nisikilize. Mimi pikipiki nilishaisahau. Akisimama mwenyewe siku hiyo, mbele ya hao waliosikia jina langu, akataja la kwake na alilolifanya, sina shida naye. Nitamaliza naye kindugu, na polisi nitakwenda mimi mwenyewe kuifuta kesi. Nitapanda Jumamosi nije nimsikie. Lakini usimwambie."

"Nisimwambie nini?"

"Kwamba nakuja. Wala kwamba nimesamehe. Nataka aseme bila kuhongwa."

"Na asiposimama?"

"Hapo sasa nitajua nilimpikia nani uji."

"Aliyempikia ni mimi," Modesta akadakia, "na mimi sijasamehe. Lakini nimekusikia."

Wakati wa kutoka, Modesta akasimama mbele ya foleni yote akasema kwa sauti, "Jamani nilikosea, sio mume wangu." Ulikuwa ukweli mtupu, na habari ikafia pale. Baba alipouliza nikamwambia mgeni wangu tulisoma naye kipaimara. Mzee Fanueli ni mzee wa kanisa, hajazoea binti yake amdanganye, akaamini.

Mchana nikateremka bondeni. Nilimkuta anakata majani kwenye kingo za matuta, anapiga mluzi. Mgongo ule nilikuwa naujua kuliko wangu.

"Alen."

Panga likasimama hewani. Hakuuliza unamwita nani. Hakushangaa. Kama alikuwa amebaki na nafasi ya kunidanganya, hakuitumia, na hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika kabisa.

"Nani amekwambia?"

"Modesta yuko jikoni kwetu anakunywa chai."

Akakaa chini kwenye majani mabichi. "Yuko na Kornelio?"

"Yuko na mtoto. Alimzaa njiani wiki moja baada ya wewe kuondoka, maana usafiri wake ulikuwa umeshauiba."

"Mtoto mzima?"

"Mzima."

"Namshukuru Mungu."

"Mungu muache kwanza. Niambie mimi."

Akaniambia. Aliiba vitu vya duka Tanga mjini alikokuwa kibarua, akatafutwa, akakimbilia msitu wa Amani. Kornelio akamwokota. Miezi mitatu akalala bila kushtuka. Halafu siku moja akaona askari wawili kwenye geti la msitu pale Sigi, wamekuja kwa mambo yao mengine kabisa, akadhani wamemfuata yeye.

"Nikapanda pikipiki nikaondoka. Sikufikiri."

"Pikipiki sawa, uliogopa. Na vyeti?"

Akachomeka panga ardhini.

"Alen, mtu anayekimbia askari habebi cheti cha kipaimara."

"Nilitaka kuwa yeye," akasema. "Raheli, yule mtu akipita njiani watu wanamwita kwa jina lake wanafurahi. Mimi jina langu likiitwa nakimbia. Nikasema nikifika mahali hawanijui, nitakuwa Kornelio, na nitaishi kama Kornelio. Na nimeishi hivyo. Mwaka na nusu, umewahi kusikia kitu kimepotea kwenu?"

"Hapana."

"Kwako sijaiba kitu."

"Umeniibia Jumapili mbili. Nimekaa kanisani nimevaa gauni jipya, watu wananipa hongera, natangazwa na mume wa mtu. Umemfanya baba yangu asimame mbele ya wazee wenzake akudhamini. Hicho sio kitu?"

Akalia. Sio kilio cha kuigiza, namfahamu. Na mimi nikalia, tena kwa hasira, maana nilitaka kumshika kichwa nikaona aibu ya kutaka hivyo. Nilimpenda, jamani. Siwezi kuwaficha. Mwanamke anajua maziwa ya kijiji kizima, akapenda mtu asiyemjua jina.

"Unataka nifanye nini?" akauliza.

"Jumapili mchungaji atasoma kwa mara ya tatu. Atauliza pingamizi. Simama. Taja jina lako, sema ulilofanya."

"Watanifunga."

"Inawezekana."

"Utaningoja?"

"Simama kwanza. Nikishakusikia ukisema mwenyewe, nitajua nangoja nani."

Aling'oa majani, akayang'oa tena. Mwisho akasema, "Nitasimama."

"Niangalie useme."

"Raheli, nitasimama."

Ulimi uliniwasha. Kidogo tu nimwambie, Kornelio ameshasamehe, usiogope. Nikaumeza. Mpaka leo kuna watu wa ukoo wangu wanasema nilikosea kuumeza. Watajijua.

Nikaenda kwa mchungaji nikamweleza yote.

"Tangazo la uongo silisomi, binti yangu," akasema.

"Basi usilisome kama tangazo, baba mchungaji. Uliza tu pingamizi, kisha ungoje."

"Nitasoma majina, nitauliza, nitangoja," akakubali. "Asiposimama, nitalifuta mimi mwenyewe."

Ijumaa Alen alikata majani kama kawaida, akamsalimia baba shikamoo kama kawaida. Sikula naye. Jumamosi jioni meseji ikaingia:

"Mpenzi, kwani lazima kanisani? Twende Handeni tukafunge ya serikali. Nina rafiki kule, hakuna atakayetuuliza."

Nikamjibu: "Kesho saa tatu. Ibada."

"Unataka nidhalilike mbele ya watu wote?"

"Mimi nimeshadhalilika. Zamu yako."

Ikapita robo saa. Halafu: "Sawa. Nakupenda. Nitasimama, usilie."

Niliisoma meseji hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuwaambia. Nilikuwa nimeanza kupanga hata jinsi nitakavyokwenda kumtembelea gerezani, nitampikia nini, nitavaa nini. Ujinga wa mapenzi hauna dawa.

Jumapili, kanisa lilijaa. Alen alikaa benchi la pili upande wa wanaume, shati jeupe, amenyoa. Kornelio na Modesta waliingia wimbo wa pili ukiimbwa, wakakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Nilimwona Kornelio kwa mara ya kwanza. Mtu mfupi, mpole, masikio makubwa. Alen hakugeuka nyuma hata mara moja.

Baada ya mahubiri mchungaji akashika karatasi.

"Majina yafuatayo yalitangazwa Jumapili mbili zilizopita. Kornelio Kristian. Raheli Fanueli." Akatulia. "Nauliza kwa mara ya tatu na ya mwisho. Mwenye pingamizi asimame, aseme."

Kawaida mchungaji huhesabu sekunde mbili tatu, anaendelea. Siku hiyo alishusha karatasi akangoja. Watu wakaanza kutazamana. Mtoto wa Modesta akakohoa. Baba, aliyekaa mbele na wazee, akageuka kunitazama kwa wasiwasi.

Nikamtazama Alen. Miguu yake ilitikisika, nikasema sasa. Anasimama sasa.

Akageuza shingo taratibu akanitazama. Halafu pale chini, kati ya magoti yake, ambapo mimi tu ningeweza kuona, akakutanisha viganja. Alikuwa ananiomba. Nyamaza, Raheli. Ipite tu. Tuoane.

Wizi wa pikipiki ulikuwa wa zamani, nisingemhukumu nao milele. Huu ulikuwa wa leo, saa nne na dakika kumi, na alitaka tuufanye wawili.

"Kama hakuna..." mchungaji akaanza.

"Lipo, mchungaji," nikasema. Nilikuwa nimeshasimama. "Pingamizi ninalo mimi."

Wanawake wakashika midomo. Alen akafumba macho.

"Sema, binti."

"Huyu niliyetangazwa naye haitwi Kornelio. Anaitwa Alen Yohane. Cheti alichokileta ni cha mtu aliyemtunza akiumwa, na alimwibia hicho pamoja na pikipiki. Nilimpa siku tatu asimame aseme mwenyewe. Akaniahidi. Mmemwona hajasimama. Basi."

"Na huyo Kornelio yuko wapi?" mzee mmoja akauliza.

Mlangoni yule mtu mfupi akasimama, kofia mkononi. "Kornelio Kristian ni mimi, wazee wangu. Naomba radhi kwa usumbufu."

Kanisa likavurugika. Alen aligeuka akamwona, na uso wake nisingependa kuuona tena. Hakukimbia. Vijana walimzunguka, Kornelio akawaambia asiguswe mtu, wakatoka naye nje taratibu kama wanaotoa mgonjwa. Mtendaji wa kijiji alikuwemo ibadani, akapiga simu yake.

Nikatoka nje nikawakuta uwanjani. Alen alikuwa kakaa kwenye ngazi, Kornelio kachutama mbele yake.

"Kaka, nisamehe," Alen alikuwa anasema.

"Nilishakusamehe tangu Alhamisi. Mkeo mtarajiwa anajua. Ungesimama tu, tungekula wote mchana huu, na kesho ningekwenda Muheza kuifuta ile kesi."

Alen akaniinulia macho. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua amesamehe, ukakaa kimya siku tatu? Raheli, ungeniambia, ningesimama."

"Najua ungesimama," nikamwambia. "Ndiyo maana sikukwambia."

Kornelio akainuka akajipangusa magoti.

"Dada, mimi roho yangu bado haijabadilika," akaniambia. "Lakini wewe ndiye uliyesimama kwa niaba yake. Mtendaji amepiga simu Lushoto, gari likija ninaweza kusema hakuna shauri, tumeelewana. Sema wewe. Niwaambie hivyo?"

Modesta alikuwa nyuma yake. Wote waliniangalia. Alen akanyoosha mkono akashika pindo la gauni langu.

"Raheli, mama. Nafasi moja tu. Mbele ya hawa wote, sasa hivi naweza kusema."

"Sasa hivi nimeshasema mimi."

"Nilikupenda kweli."

"Najua. Hilo ndilo linaloniuma. Ungekuwa hunipendi, ningejua umenidanganya kwa sababu ya kitu. Sasa umenipenda, na bado ukataka nikae kimya niwe mwizi mwenzako."

Nikatoa pindo langu mkononi mwake, kidole kimoja kimoja.

"Kaka Kornelio, msamaha wako ni wako, umpe utakapotaka, hata gerezani. Gari likija, aende."

Kornelio akaitikia kwa kichwa. Alen hakunibishia tena. Gari la polisi lilipofika, askari akauliza jina, na mara hii akajibu mwenyewe, "Alen Yohane." Akapanda nyuma bila kushikwa. Walipokunja kona ya kushuka, bado alikuwa anatazama nyuma, na mimi bado nilikuwa nimesimama, siwezi kusema sikuwa.

Watu wakaondoka wawili wawili, wakinipita mbali. Nikabaki kwenye zile ngazi nalia kwa sauti, bila haya, gauni langu jipya limejaa vumbi. Sijui ilichukua muda gani. Kisha nikaona viatu vya baba mbele yangu.

Nilingoja anigombeze. Nimemdanganya, nimemwaibisha mbele ya wazee wenzake, harusi aliyokwisha kuichagulia fahali imekufa kanisani. Alisimama tu, kaweka Biblia kwapani.

"Umemaliza kulia?"

"Bado, baba."

"Basi inuka," akasema, akanipa mkono. "Twende ukalie nyumbani."